Kambi Niliyomchagulia Kasuku

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako ambaye yuko njiani na lori lake, na za mpwa wako Kasuku. Mgongo unaendeleaje? Natumaini yale masufuria makubwa ya hotelini sasa wanayainua vijana, nawe umebaki kuonja na kukaripia, kazi ambayo tangu utotoni uliiweza kuliko kupika. Ningependa kuandika kwamba sisi huku hatujambo, kama inavyopasa barua kuanza, lakini kila nikifika hapo mkono unagoma. Tuko hai. Hilo naweza kuliandika bila kusema uongo.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimejaribu. Nilikuwa nikifika kwenye jina lako naona nitaangua kilio kabla hujasema haloo, na Baba angenisikia kutoka chumbani kwake. Kwa hiyo kaa chini, kaka, vua hata viatu, usome polepole. Sijapata kushtuka hivi tangu nizaliwe.

Mambo yalianza na likizo ndefu. Shule zimefungwa, mimi kutwa nazunguka kwenye majengo ya watu kukagua lifti, shemeji yako haonekani mpaka mzigo ufike. Mtoto wa miaka kumi mwenye mdomo kama ule (jina la Kasuku hukumpa bure) angekaa na nani kutwa nzima? Baba ndiye aliyeleta wazo la kambi ya watoto. Alisema akacheze na wenzake, apumue hewa nyingine. Aling'ang'ania hasa, tukiketi mezani ni kambi, nikimpelekea maji ya kuoga ni kambi. Nilidhani mzee amechoka masikio. Nikamtania kwamba mababu wenzake wanalilia wajukuu wabaki, yeye anamfukuza wake. Akacheka kidogo, akageukia ukutani.

Unanijua nilivyo. Mnaniita Mama Wasiwasi, na sikatai. Mtu anayelipwa kufikiria kamba ikikatika itakuwaje, hawezi kuacha kufikiri hivyo kwa sababu amevua ovaroli. Nikaanza kuzunguka kambi moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa kwenye shule iliyokodishwa. Mkurugenzi wake ni kijana mwenye tabasamu la matangazo, akanitembeza kila mahali akisifia viwanja. Bweni lilikuwa na nondo kila dirisha na mlango mmoja tu, na mlango huo, alinieleza kwa kujivuna, hufungwa kwa kufuli upande wa nje watoto wakishalala, ili wasitoroke. Nikamuuliza moto ukizuka watatokea wapi. Akasema pale moto haujawahi kuzuka. Niliondoka soda yake ikiwa nusu.

Kambi ya pili ilikuwa ya mama mmoja mchangamfu ambaye jibu lake kwa kila kitu lilikuwa nisijali. Nikauliza nani analala karibu na watoto wadogo, akasema nisijali. Nikauliza mtoto mwenye pumu dawa yake anatunza nani, nisijali. Kaka, fundi akinijibu nisijali, mimi hushuka kwa ngazi. Nilimshukuru, nikashuka.

Ya tatu inaongozwa na matroni, nesi mstaafu, mwanamke mfupi wa sauti ya chini. Huyo aliniuliza mimi maswali mengi kuliko niliyomuuliza yeye. Alitaka kujua mtoto anaogopa nini, nani ana ruhusa ya kuja kumchukua, na nani hana hata akija analia. Alinieleza kwamba pale hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, hata yeye mwenyewe. Mimi nikapima uzio wa bwawa la kuogelea, nikaachia lango lake nikaona linajifunga lenyewe, kisha nikapiga magoti kutazama kifuniko cha bomba linalovuta maji. Mwalimu wa kuogelea alinitazama kama mtu aliyepotelewa na pete. Nikaridhika kabisa. Nilisema moyoni hapa ndipo, na kama pana hatari imejificha mahali hapa basi imejificha vizuri kuliko mimi ninavyojua kutafuta.

Matroni akaniuliza kama mtoto anajua kuogelea. Nikamjibu kwa maringo kwamba ni samaki, babu yake amekuwa akimfundisha kila Jumamosi tangu mwanzo wa mwaka. Na wewe unajua habari hiyo, maana nilikutumia picha. Kila Jumamosi asubuhi Baba na Kasuku wanatoka na mkoba begani, wanarudi mchana nywele za mtoto zimelowa, na vazi lake la kuogelea linaanikwa kwenye kamba likidondoka maji. Baba akaanza kukonda, sote tukamsifu kwamba mazoezi yamempunguza tumbo. Wewe mwenyewe ulisema mzee anarudi ujanani. Akawa anavaa mikono mirefu hata kwenye joto, akidai maji ya bwawa yamemwingiza baridi, nami sikuuliza zaidi. Pua yangu hunusa waya unaoungua ghorofa ya sita, lakini haikuwahi kugundua kwamba lile vazi halikuwa na harufu ya dawa ya bwawa. Kazini kwetu, mkaguzi mmoja akishabandika stika yake kwenye lifti, mwenzake harudii. Ni kumvunjia heshima. Neno la Baba kwangu lilikuwa stika. Hata Jumamosi moja sikwenda kumtazama mwanangu akiwa majini.

Matroni alitabasamu, akasema pale kila mtoto anayesemwa ni mwogeleaji hupimwa kwanza, mzazi akiwapo, kwa sababu maneno ya mzazi hayaelei. Nilikasirika kidogo. Kesho yake asubuhi nikampeleka.

Walikuwa wamepangwa kando ya bwawa, kila mmoja akisubiri zamu yake. Ilipofika zamu ya Kasuku, mwalimu aliinama, akamwambia kama hajui aseme tu, lipo bwawa la wanaojifunza na wala hakuna wa kumcheka. Akamuuliza tena, polepole. Kasuku hakutazama maji, alinitazama mimi. Mimi nikampungia mkono, kaka. Nikampungia mkono huku nikicheka kwa fahari. Akasema anajua. Akaruka.

Nilikuwa nadhani mtu anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Si kweli. Alishuka tu, kimya, macho wazi. Mimi bado nilikuwa nacheka nilipomwona mwalimu akijitupa majini na viatu vyake. Alipomtoa, mtoto alikuwa amelegea, kisha akakohoa, akatapika maji, akaanza kutetemeka, na matroni alikuwa ameshamfikia na blanketi kabla mimi sijajua kilichotokea. Mimi niliyekagua kila kifuniko nilisimama palepale nimekumbatia taulo, mpaka mama wa mtoto mwingine aliponisukuma mgongoni niende.

Walimsikiliza kifua, wakamkausha, wakamlaza chumba cha matibabu, na waliporidhika kwamba mapafu yako salama, matroni akamuuliza kwa upole kwa nini hakusema ukweli. Kasuku, ambaye hunyamaza akilala tu, alifumba mdomo. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Mwishowe alisema kwamba angekiri hajui kuogelea, mimi ningeuliza Jumamosi huwa wanakwenda wapi na Babu, na alishamwahidi Babu kwamba hatasema.

Matroni akaniomba tusogee kando. Alisema hamshtaki mtu. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote ya kazi, siri ya mtu mzima na mtoto ambayo mtoto yuko radhi azame kuliko kuitoa, hajawahi kuiacha ipite bila kuuliza, na kwamba nisimrudishe mtoto mikononi mwa mtu huyo kabla sijajua. Nilitamani kumzaba kibao. Nikamwambia huyo anayemsema ni baba yangu mzazi. Akanijibu, bila kupandisha sauti, kwamba karibu kila mara huwa ni mtu wa namna hiyo.

Ninaona haya kuandika linalofuata, lakini wewe ni kaka yangu na sina mwingine wa kumwambia. Njia nzima ya kurudi, ndani ya lile gari la kazini, mtoto amejikunyata pembeni yangu na spana zikigongana nyuma, nilimwogopa baba yetu. Baba aliyetulea peke yake Mama alipofariki. Baba aliyejifunza kunisuka nywele kwa kufanyia mazoezi pindo la pazia, nawe ukamcheka mpaka akakufukuza na kandambili. Niliikumbuka mikono ile ikinisuka, nikaiogopa. Nilimuuliza Kasuku kama Babu amewahi kumuumiza, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha ya kigeni, akasema hapana. Sikumwamini. Mtoto ambaye asubuhi ileile ameruka kwenye kina kirefu kwa ajili ya uongo, ningemwaminije?

Tulimkuta Baba mezani anakaza skrubu ya mpini wa sufuria. Alipomwona Kasuku alisimama na mikono wazi kama kawaida yake. Nikamvuta mtoto nyuma yangu. Baba akaona. Mikono yake ilibaki hewani, haijui pa kwenda. Nikamuuliza mwanangu anampeleka wapi kila Jumamosi, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mkubwa yeyote, nikamwambia kwamba asubuhi ile nusura tumzike kwa ajili ya siri yake. Alikaa chini ghafla. Aliuliza kama anapumua vizuri, na nilipomjibu akauliza tena, na mtoto amesimama palepale anamwona. Kisha hakujitetea. Alikunja mkono wa shati.

Mkono wote, kaka, una alama za sindano. Palipokuwa na nyama pana michubuko ya kijani na ya zambarau, na plasta. Baba ana saratani ya tumbo. Huko ndiko walikokuwa wakienda. Jumamosi za mwanzo walikwenda bwawani kweli, mpaka maumivu yakamshika siku moja majini, na baada ya vipimo akaanza kutundikiwa dripu. Hospitali hairuhusu mgonjwa wa dawa ile arudi nyumbani peke yake, naye hakutaka nijue, basi akawa anamchukua Kasuku na kuwaambia manesi kwamba binti yake yuko chini anatafuta pa kuegesha gari. Kila Jumamosi mimi natafuta pa kuegesha gari. Manesi wale lazima walinichukia bila kunijua. Na wakati wa kutoka, Kasuku alilowesha nywele na vazi lake kwenye sinki la hospitali. Wazo la kulowesha lilikuwa la mtoto mwenyewe.

Baba alisema tiba inakwenda vizuri, amebakiza kidogo, na akishapona alikuwa amfundishe Kasuku kuogelea kwelikweli ili uongo uishe bila mtu kujua. Kambi aliitaka ili mtoto apumzike kutazama wagonjwa, na hakujua kwamba huko hupima watoto. Akanisihi nisikwambie wewe, maana ungeacha kazi. Nilikuwa tayari kumwamini. Nilishaanza kulia kwa nafuu, nakwambia ukweli, kwamba ni ugonjwa tu.

Ndipo Kasuku aliposema, akiwa bado nyuma yangu, kwamba daktari hakusema hivyo. Alisema daktari alimwambia Babu kwamba dawa haifukuzi tena ugonjwa, inamsaidia tu asiumie sana, na kwamba sasa aje na mtu mzima wa nyumbani. Aliyasema maneno yale kwa utulivu wa daktari, hata kuvuta pumzi katikati kama daktari. Baba alishika meza. Yeye alidhani siku ile mtoto alikuwa anachora. Nikaenda na Baba hospitali, nikamsikia daktari kwa masikio yangu, na kila neno alilosema mwanangu lilikuwa sahihi. Ni miezi, kaka. Si miaka. Yote hayo mtoto wa miaka kumi alikuwa nayo tumboni, anakula nayo, anafanya nayo hesabu za shule, na sisi tunamtania kwamba anaongea sana.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mimi hospitalini, kwenye kiti alichozoea kukaa Kasuku kando ya Babu yake. Kasuku alikuwa amekwenda kambini, kwenye kundi la wanaojifunza, baada ya kunielekeza kwa kirefu kwamba Babu aongeleshwe sindano inapoingia na asitazamishwe chupa. Dripu ilipoanza kushuka, nilimwomba Baba msamaha. Akauliza wa nini. Alijua, lakini alitaka niseme, nikasema. Nilimwambia nilichomfikiria njia nzima ndani ya gari. Alinipapasa mkono kwa mkono wake usio na sindano. Kisha akasema nisimwombe msamaha kwa kumlinda mjukuu wake. Kwamba mama ambaye asingemuuliza hata babu, yeye asingemwachia hata kifaranga cha kuku.

Halafu akaanza kulia, kitu ambacho sijakiona tangu siku tulipomzika Mama. Alisema kinachomtisha si ugonjwa. Amemfundisha mtoto kuficha jambo la mtu mzima, na mtoto amefuzu. Kesho akija mtu mbaya kwelikweli akamwambia nyamaza, atamkuta ameshafunzwa na babu yake mwenyewe, tena kwa upendo. Alisema hakuwahi kuliwaza hilo, na sasa haliwazi jingine. Nesi alikuja mbio akidhani sindano imehama.

Siku ya kutembelea watoto kambini Baba alitaka kwenda. Nilimpeleka, tukisimama njiani kila alipozidiwa. Matroni alitutafutia mahali penye kivuli karibu na bwawa dogo, akabaki nasi. Baba alikataa kiti, akapiga magoti kwa shida mpaka macho yake na ya Kasuku yakawa sawa, akamwambia ile siri aliyompa amekuja kuichukua. Ilikuwa yake na ilikuwa nzito, na haikuwa haki kumbebesha. Alimwambia hakuna mkubwa, hata yeye, hata mimi mama yake, mwenye ruhusa ya kumwambia afiche jambo linalomuumiza, na atakayemwambia hivyo amkimbie na kupiga kelele mpaka watu wajae. Kasuku aliuliza kama kuvunja ahadi ni dhambi. Baba akajibu kwamba aliyeivunja ni yeye Babu, kwa hiyo kama kuna dhambi ni yake.

Ndipo mtoto akalia, yeye ambaye hakulia alipotolewa majini. Alilia mpaka kwikwi, kisha akaanza kusema, akasema bila kupumzika, mambo ambayo sikuwa na habari nayo hata kidogo: nesi gani ana mkono mwepesi, harufu ya ile korido, namna Babu alivyotapika kwenye kofia yake, na yule mzee wa kiti cha jirani aliyekuwa akimpa peremende, ambaye wiki moja hakuja, na alipoulizia hakuna aliyemjibu. Baba alimsikiliza yote akiwa amepiga magoti. Tulikaa hivyo mpaka filimbi ya wazazi kuondoka ikapigwa.

Tukiwa njiani kurudi, Baba alinisihi tena nisikwambie, angalau mpaka upate likizo yako. Nilikaza macho barabarani. Kaka, nilikuwa nimetoka tu kumsikia akimwambia mwanangu kwamba hakuna mkubwa mwenye ruhusa ya kumtwisha mtoto siri inayomuumiza, na mimi pia ni mtoto wake. Ndiyo maana nakuandikia. Omba ruhusa kazini mapema, usingoje likizo, na usipige simu kutangaza kwamba unakuja.

Wasalimie wenzako wote wa jikoni. Shemeji yako anakusalimu, ameshaomba apangiwe safari za karibu. Kasuku anakusalimu, na anasema sasa anaweza kuelea chali mpaka mwalimu anapomaliza kuhesabu. Salamu za Baba sikuletei, maana hajui kwamba nakuandikia. Njoo uzipokee kutoka mdomoni mwake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mama Wasiwasi